Jina la Mbuzi

Mimi ndiye niliyeiandika ile sentensi.
Msinipige mawe.
Niliiandika Kampala, chumba cha nyuma cha studio,
saa nane usiku, chai imeota ngozi,
na ukurasa wa kumi na mbili una pengo
pale mwenye nyumba anapobisha hodi.

Mwenye nyumba anauliza: Humu mnalala wangapi?
Opendi, aliyeigiza mpangaji, haongei.
Anajikuna shingo. Anatazama dari.
Mbuzi anachungulia kwenye pazia la chumbani.
Opendi anameza mate, kisha, kama mtu anayekiri wizi:
"Bwana, humu hata mbuzi analipa."

Fundi wa sauti alicheka hadi akavua visikio.
Tulirudia mara tatu kwa ajili yake.
Kilichochekesha ni kile kimya,
sekunde nne za shingo na dari;
lakini kimya hakinakiliki,
hakiingii kwenye stika.

Maneno ndiyo yaliyotoka mbio.
Jumatatu yalikuwa kwenye simu za wanafunzi wa Mbale,
Ijumaa nyuma ya boda, kwa rangi nyekundu.
Sukari ikipanda bei: hata mbuzi analipa.
Timu ikifungwa tano: hata mbuzi analipa.
Bibi harusi kachelewa, umeme umekatika Soroti,
mtu kaweka picha ya chakula chake cha mchana,
posho na maharage, hana neno, hana swali,
na chini yake watu mia mbili, mmoja nyuma ya mwingine,
hata mbuzi, hata mbuzi, hata mbuzi,
mvua juu ya bati, husikii tena tone.

Mgombea udiwani akaichapa kwenye fulana.
Mchungaji akaihubiri siku ya zaka.
Opendi alifiwa na kaka yake;
alipotangaza mazishi, Nagongera, saa saba,
wa tatu kumpa pole aliandika nini? Mnajua.
Siku hizi haendi sokoni bila kofia.
Watu hawamsalimu. Wanamngoja aseme.

Nami je?
Dada yangu aliniandikia kwamba kiwanda kimempunguza,
miaka kumi na mmoja ya vumbi la saruji.
Kidole changu kilijua njia kuliko mimi.
Nikabonyeza: pazia, pembe mbili, yale maneno.
Alama za buluu. Kisha basi.
Kesho yake nilimpigia, akapokea, akanyamaza,
na kimya kile hakikuwa cha Opendi.

Sasa niseme ilikotoka.
Tulikaa Agururu, chumba kimoja, watoto watano,
Jiwe la Tororo likitukodolea dirishani.
Bwana Ochwo alikuja kudai kodi ya miezi mitatu.
Asubuhi ile mama alikuwa amemuuza mbuzi,
mmoja tu tuliyekuwa naye,
aliyelala nasi ndani kwa kuogopa wezi.
Akamhesabia Ochwo noti mkononi,
akamwambia kwa Kidhopadhola,
bila kucheka, bila kulia,
kwamba katika nyumba hii hata mbuzi analipa.
Mimi niliitia Kiswahili cha Malaba ili ivuke.
Ikavuka.

Juzi nilimpeleka mama hospitali, macho yake.
Kijana wa boda, akimrudishia chenji,
akamtupia kwa furaha: "Mama, hata mbuzi analipa!"
Mama akasimama kando ya barabara, chenji kiganjani.
Akanigeukia.
Nani amewaambia hawa habari za mbuzi wangu?

Nikasema, wanaijua wengi, mama. Maelfu.
Akafunga zile sarafu kwenye pindo la kitenge,
fundo moja, fundo la pili.
Na jina lake wanalijua?

Nilikuwa nimelisahau.
Akaniambia palepale, kwa sauti ya chini,
kama mtu anayekupa namba ya siri.

Sitaliandika hapa.