Sita, au Nne

Kidole changu kilivunjika Jumanne,
kwa hiyo Jumamosi nikapewa kalamu
na karatasi kuukuu ya chama cha msingi:
upande mmoja madeni ya mbolea,
upande mweupe, niandike mbio.

Walishuka kwenye Koasta kutoka Tabora mjini,
kumi na mmoja, weupe kama mayai kwenye trei,
kila mtu na begi lake, kila zipu inafunga.
Sisi tulikuwa na gongo moja
(la kupigia, si la kunywa),
mninga, kipande kilichobaki
fundi Mihambo alipomaliza mlango wa zahanati.
Zito. Ukilinyanyua unahisi unabisha hodi kwa daktari.

Wiketi zetu: vijiti vya kuanikia tumbaku,
bado vinanuka moshi wa bani.
Mpaka wetu: majivu ya bani hilohilo,
Kashindye aliyamwaga kwa ndoo akirudi kinyumenyume
mpaka mstari ukapinda kukwepa kichuguu.

Ova kumi na mbili kila upande, giza lisitukute.
Walipiga tisini na nne.
Sitaki kuzisimulia. Niliziandika zote
kwa mkono wa kushoto, vibaya,
kama mtu anayehesabu nguo za jirani kwenye kamba.

Zamu yetu. Ngasa, sifuri.
Mhoja, ambaye kwa manati hakosi njiwa, tatu.
Mrushaji wao mrefu alianza kukimbia
tangu kule walikofungwa mbuzi wa kina Nyanzobe,
na mbuzi ndio waliokuwa wa kwanza kujua mpira unakuja.
Kashindye alipigwa begani,
akajipangusa kama aliyeangukiwa na jani,
akafika ishirini na sita
kabla kijiti cha katikati hakijalala chali.

Jua lilikaa juu ya miombo
likiwachoma macho walinzi wao,
jambo ambalo hatukulipanga.
Treni ya Kigoma ikapita. Wote tukasimama, hata wao.
Kwetu harushi mtu mpira treni ikipita.

Mwalimu Lugusi, ampaya, akatazama mwanga.
Kapteni wao akasema, kwa upole kabisa,
tunaweza kuishia hapa, tuite sare.
Kashindye, nje, bega limefungwa kanga ya dada yake:
"Malizeni."

Ova moja. Mbio thelathini.
Mtu wa mwisho, Lushinge, miaka kumi na moja,
gongo linamfikia kifuani.
Mipira mitano ilimpita kama wapita njia wasiomfahamu.
Wa sita walikutana.

Ule mlio! Kama mlango wa zahanati umefunguliwa kwa teke.
Mpira ukapanda, mwekundu, ukaingia kwenye wekundu,
na hapo ndipo macho yetu yalipoachana nao.

Wao: ulidunda kabla ya majivu, nne.
Sisi: ulivuka angani, sita.
Watu wazima walibishana, dereva wa Koasta,
muuza karanga na beseni lake kichwani,
tochi za simu zikizunguka shambani kwetu,
na huku tumeshindwa kwa ishirini na tatu,
au, kwa hesabu yao, ishirini na tano.

Mwalimu Lugusi akanigeukia:
"Mwandishi, umeandika nini?"
Nilikuwa nimeshaandika.

Mwezi wa kumi na moja mama akiinua matuta
jembe likagota. "Yai la nani hili?"
Umevimba, una rangi ya udongo, mchwa wamekula mshono.
Nikapiga hatua kutoka kichuguu: arobaini na moja.
Haithibitishi kitu. Ng'ombe hupita pale,
mvua imeshanyesha mara nne,
na mtoto gani ataona kitu cha mviringo asikipige teke?

Nikauosha, nikauanika juu ya bati.
Lushinge alikuja kuuona.
Hakuuliza niliuokota wapi, wala hatua ngapi.
Aliuliza kama bado unadunda.