Mbegu 7719

Walukuba, saa sita usiku.
Kipande chenyewe hakijafika Jinja,
kiko bado kwenye michoro ya Mugoya,
kwa hiyo naunda wa kuigiza:
watatu wa kuomba njia, mmoja wa kujibu,
na mwamuzi katikati mwenye kanuni nane.

Vitabu huwaita bwana na mtumwa.
Mimi nimefuta. Kwenye faili langu
ni mwombaji na mjibuji,
na kompyuta haikulalamika.

Njia ni moja, nyaya thelathini na mbili,
kila mmoja huipata kwa zamu.
Huitwa basi. Nalipenda neno hilo,
maana kwetu basi ni kukoma pia:
umeshasema lako, basi, achia waya.

Nikapanga: saa ipige kila nanosekunde kumi,
anayesubiri asizidishe mapigo sitini na nne.
Nikaendesha. Kijani.
Majaribio elfu tisa, kijani kitupu,
kama mtihani uliosahihishwa na aliyeufanya.

Hapo ndipo nikashtuka.
Nikarudi kusoma mstari kwa mstari, nikaona
waombaji wangu nimewalea vizuri mno.
Kila mmoja huchungulia kwanza, humpisha mwenzake;
hakuna aliyewahi kuomba pigo moja na mwingine.
Usiku kucha nilikuwa napima adabu yangu mwenyewe.

Bomba la kota zetu lilikuwa hivyo.
Mama aliandika namba kwa chaki kwenye madumu,
na miaka mingi tuliisifu chaki ile,
mpaka msiba wa mzee Isabirye,
wageni walipofika kutoka Bugiri na madumu yao,
hawajui chaki ni kitu gani,
na koki ikang'oka mikononi mwa watu wawili.

Basi nikamharibu mmoja. Yule wa tatu.
Subira yake nikaiweka sifuri,
aombe tena kabla hajaachia,
na mengine nikayaachia bahati nasibu.

Pigo la elfu nne mia tatu na kumi na moja
mstari ukageuka mwekundu.
Wawili wamesema pamoja, huyu moja, yule sifuri,
na waya hauna jibu ila alama ya eksi.
Mwamuzi alikuwa ametoa ruhusa mbili.
Kanuni ya sita ina tundu.
Nikacheka peke yangu; mtoto akajigeuza kitandani.

Kisha umeme ukakatika. Betri asilimia tisa,
na mawimbi sikuwa nimeyahifadhi.
Yaende.
Vurugu yote ile ilichipuka kwenye namba moja
ambayo sisi huiita mbegu,
nikaiandika kizani kwa kalamu, kiganjani:
saba, saba, moja, tisa.

Kesho Mugoya ataniambia haiwezekani.
Nitafungua mkono.