Jino Moja

Baba, leo nimefungua kifuniko.
Boliti tatu zilitoka kwa spana namba kumi,
ya nne ilitaka mafuta, usiku mzima, na matusi
ambayo sikujua kwamba nimeyarithi.

Zastava yako imekaa miaka kumi na minne
bandani nyuma ya nyumba, hapa Užice,
magurudumu yamelala chini, kiti cha dereva
kimetafunwa na panya hadi kwenye springi.
Ognjen, mjukuu usiyemjua, ameshika tochi,
anamulika kila mahali ila ninapotazama.

Mkanda wa taimingi ulikuwa umekauka,
umepasuka kama kisigino cha mkulima.
Niliukunja kidogo tu, ukatema vumbi jeusi.
Nikamwambia mtoto: huu ndio unaoziambia
valvu na pistoni nani aingie, nani atoke.
Ukikatika, hukutana mlangoni.
Akauliza: wakikutana, wanafanyaje?
Nikasema: shika tochi.

Ndipo nikaziona alama zako.
Nukta moja puli ya chini, nukta moja puli ya juu,
nyekundu, rangi ya kucha.
Mama, aliyeapa hatoi hata senti kwa bati lile,
kumbe alitoa kichupa.

Nikazungusha krenki pole pole.
Nukta ya chini ikakaa. Ya juu nayo ikakaa.
Nikafurahi, nikafuta grisi kwa fulana kuukuu,
na pale kando ya rangi yako
ukajitokeza mstari wa kiwanda, umechongwa chumani,
umeachana na nukta yako
kwa jino moja.

Jino moja, baba.
Miaka yote ile ya mlima wa Zlatibor,
gia ya pili, malori ya mbao yakitupita,
ukilaani petroli, ukilaani serikali,
ukilaani mitungi ya kachumbari ya mama,
halafu mimi na Vukosava tunashushwa
tutembee hadi konani, eti gari lipumue.
Fundi fulani alikosea kabla yako.
Nawe, usiyemwamini mtu wala kitabu
ila ulichokiona kwa macho yako mawili,
ulilinakili kosa kwa mkono usiotetemeka,
ukalipaka rangi lisije likapotea.

Nilikaa juu ya ndoo.
Ognjen akauliza: sasa tufuate ipi?
Swali la mtoto wa miaka kumi na moja,
na nilikawia kulijibu.

Mkanda mpya ulinuka duka.
Nikauvisha kwa mstari wa kiwanda,
nikakaza tenshena hadi ukapindika robo tu
kati ya kidole gumba na cha shahada.
Mizunguko miwili kwa mkono, kabla ya ufunguo,
sikio langu likiwa karibu kugusa chuma,
nikingoja kitu kigongane na kitu.
Kimya.
Rangi sikuifuta.

Jumapili tuliupanda mlima kwa gia ya tatu.
Tulipolipita lori la mbao Ognjen alipiga kelele,
akatoa mkono dirishani kama mshindi.
Mimi nilikuwa natafuta ile kona.
Ilipofika, injini haikudai chochote,
barabara ilikuwa wazi mbele yangu,
na sijui kwa nini, baba,
nikarudisha gia ya pili.