Utosi

Februari, nyuma ya soko la Liepāja,
pande la barafu lilibanduka kwenye paa la ghorofa ya tatu
likamkuta Ojārs, mkate mweusi kwapani.
Mkate haukupasuka.
Hilo nalikumbuka kuliko lolote.
Niliula siku nne kwenye korido ya hospitali, bila siagi.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Wauguzi walimnyoa zote,
kisha daktari akalifungua fuvu upande wa kushoto
kama afunguaye dirisha nyumba ikijaa moshi.
Ubongo umevimba, alisema, unataka nafasi.
Kipande cha mfupa, upana wa kiganja changu,
kikaenda kulala kwenye jokofu.
Barafu imvunje, barafu imtunzie:
sikujua nicheke na nani.

Miezi mitano alikaa na shimo.
Ngozi pale ilibonyea, ikadunda
kama utosi wa mtoto mchanga,
nami sikuwahi kuzaa.
Usiguse, walinionya.
Niligusa. Mara moja, alfajiri.
Palikuwa na joto, laini kama utando wa maziwa,
na chini yake mume wangu mzima
akigonga kutaka kutoka, au kuingia.

Walimpa kofia ngumu ya bluu, hata ya kwendea msalani.
Watoto wa jirani wakamwita Mwanaanga.
Alifurahi. Aliwapungia mkono wa kushoto,
wa kulia haujui kama umeitwa.

Maneno yalirudi kama abiria wa tramu ya mwisho:
mmoja, kisha hakuna, kisha watatu walevi.
Matusi yalitangulia. Halafu namba. Halafu "chumvi".
Mimi aliniita Kijiko.
Si siku moja. Miezi kumi na minne.
Kijiko, njoo. Kijiko, mvua. Kijiko, nani kaninyoa?
Bi Dzidra, anayefundisha watu kusema upya,
akamwonyesha picha yangu ya harusi: huyu ni nani?
Akaitazama kwa mapenzi yote aliyobaki nayo.
"Kijiko."

Mfupa ulirudishwa Julai. Ukaoza, ukatolewa.
Safari ya pili waliweka bamba la titani,
skrubu kumi na moja, nilizihesabu kwenye eksirei.
Baridi ikikaza anasema bamba linaongea.
Linasema nini?
"Upepo."

Miaka saba, na watu bado wananiuliza: amepona?
Nalipasua neno hilo kama kokwa;
ndani ya kupona nakuta kuona.
Basi naona.
Naona dereva wa miaka kumi na tisa akipanda kama abiria,
akisimama nyuma ya dereva kijana,
vidole vikisukuma wenzo usiokuwepo.
Naona mtu anayelia tangazo la sabuni likipita,
asiyeweza tena kusema uongo,
hata kwa mama yangu, hata kuhusu supu.
Naona kifafa cha Novemba, mwaka wa nne,
sakafuni jikoni, tulipodhani tumeshavuka.
Ninayemkosa anakula mezani pangu.
Nani alishafundishwa kumlilia mtu
anayekuomba umpishe chumvi?

Jumanne iliyopita alikuwa akikata vitunguu,
mkono wa kulia ukishikilia, vibaya, lakini ukishikilia.
"Vizma," aliita.
Jina langu zima, kila herufi mahali pake.
Nikasimama mlangoni na koti langu bichi.
Nilikuwa nimelisubiri jina hilo kama mshahara,
na lilipokuja, aibu iliyoje, halikunitosha.
Nikamwambia: niite lile jingine.
Alifikiri. Kovu likakunjamana,
lile lenye umbo la kiatu cha farasi.
"Lipi?"

Nikafungua droo, nikamwonyesha.

"Kijiko," alisema. "Cha supu."
Akarudi kwenye vitunguu vyake.