Mstari wa Saba

Likizo ya Juni ilipofungua mlango
upepo uliingia nayo, na vumbi lake, na ile baridi ya asubuhi
inayomfanya mtu anywe uji kwa mikono miwili.
Nikachukua kalenda ya mwaka jana, ya duka la pembejeo,
nikaigeuza mgongo, nikapiga mistari kwa rula ya Ndahani.
Mistari saba. Vitabu saba. Wiki nne.
Nikaibandika kabatini kwa uji mzito.
"Mpango," nikasema.
Baba yao akacheka:
"Hata serikali ilipanga kuhamia huku. Ilichukua miaka mingapi?"

Sharti lilikuwa moja tu, la Nyemo,
mwenye miaka kumi na minne na ulimi wa pilipili:
mwandishi akitoka kwa watu hawa, anayemfuata atoke kwa wengine.
"Hatuwezi kula mlenda kila siku," alisema,
naye hula mlenda kila siku.

Basi tukaenda maktaba na kikapu cha zabibu,
tukarudi nacho kimejaa:
mama wa visiwani anayeandika karafuu na talaka,
mzee wa nchi ya theluji,
kijana wa jangwani aliyezaliwa mgongoni mwa ngamia
(au ndivyo jalada linavyodai),
mwanamke asiyeona, aliyeichapa riwaya nzima kwa nukta za vidole,
mfungwa na barua zake kwa binti,
na kitabu chembamba cha mashairi, kimetafsiriwa mara mbili kabla ya kutufikia,
kama maji ya kisima yaliyomiminwa ndoo hadi ndoo.

Sisemi tulisoma vizuri.
Ndahani alikwama kwenye theluji siku tisa.
"Ni kama unga wa uwele ukiruka," nikamwambia.
Akaenda mashineni, akasimama mlangoni pa kusagia,
akarudi na nyusi nyeupe,
akafungua ukurasa wa ishirini, akaendelea.

Baba yao alimpakia mfungwa kwenye lori.
Usiku mmoja alipiga simu kutoka Manyoni
akatusomea barua, sauti ikikatika,
na mtandao ulipoanguka mfungwa naye alinyamaza;
tukabaki tunaitazama simu kama watu wa msibani.
Kitabu kilirudi na alama ya kidole cha grisi
ukurasa wa arobaini na tatu.
Hakuvuka hapo. Hakusema kwa nini,
nami sikumuuliza.

Mimi nilimpenda yule wa jangwani.
Nilimsoma nikibangua karanga, ganda likawa alama ya ukurasa.
Anauandika upepo wake
kana kwamba aliwahi kuanika nguo Chang'ombe.
Nikaona wivu. Ndiyo, wivu.
Huu wetu, unaobeba mabati na kanga za watu,
nani kauandika?

Ndipo mstari wa saba.
Nyemo alikuwa ameujaza kwa penseli:
*Mwanamke wa Kigogo. Yeyote.*
Mkutubi alivua miwani, akavuta droo ya kadi,
akapekua kwa ncha ya kidole kama anayechagua mchele,
akasimama.
"Kipo," akasema. Kisha: "Kilikuwepo."
Jina la kitabu lilikuwa limefifia, halisomeki.
Tarehe ya kuazimwa: miaka mingi kabla sijaolewa.
Tarehe ya kurudishwa: karatasi tupu.

Shule zimefunguliwa. Mpango bado uko kabatini,
mistari minne imekatwa, mmoja una grisi, mmoja tuliukimbia.
Wa saba Nyemo amekataa usifutwe.
Siku hizi akitumwa dukani huchelewa,
hutazama madirisha ya watu.
"Labda humu," husema. "Labda wameegemezea mguu wa kitanda."

Kama ni kwako, hatutauliza faini.
Njoo hata usiku. Uji upo.
Tusomee tu
kinavyoanza.