Vibaba vya Mlio

Mbeyu, binti wa hospitali, alinifungia chumbani
penye kuta za sponji, akanivika hedifoni,
akasema: Mzee, bonyeza ukisikia.
Nikabonyeza.
Akasema: bado sijaanza.

Miaka thelathini na mmoja nilisaga mahindi pale Maweni,
kinu cha dizeli, mkanda wa mpira, unga kwenye kope.
Nilikizima kwa mkono wangu mwaka ule goti lilipokataa.
Kikazimika. Upande wa kushoto wa kichwa
hakuna aliyepelekewa habari.

Akatafuta mlio unaofanana na wangu.
Huu? Wangu mwembamba zaidi.
Huu? Huo una kutu, wangu hauna.
Huu?
Huo. Nikashika kiti.
Akaupima ukubwa, akanigeuzia karatasi: desibeli sita.
Hata mnong'ono, akasema, unauzidi.
Nikarudi na sita yangu mfukoni
kama chenji ya kudhulumiwa.

Salha akauliza: kama ni sita tu,
mbona saa tisa za usiku unazunguka ua
kama mwizi aliyesahau alichokuja kuiba?
Nikamwambia: punje ya mchanga kwenye wali
haipimwi kwa ratili.
Hupimwa kwa jino.

Mbeyu alinipa daftari. Kila siku andika ukali wake,
sifuri mpaka kumi.
Mimi namba za aina hiyo sizijui. Nimezoea kibaba,
vinne vikijaa ni pishi, na mteja haondoki
mpaka aone nimepangusa mdomo wa kopo kwa kidole.
Basi nikaandika hivi:

Jumatatu, alfajiri. Juu ya feni, chini ya adhana.
Adhana ikikoma unarudi kukaa palepale,
kama mgeni aliyeinuka kidogo kupisha watu.

Jumanne. Mahamri yakiingia mafutani, umefunikwa wote.
Yakiiva, unachungulia.
Bomba likifunguliwa, nafuu; lakini maji yetu ni ya mgao,
na nafuu yangu ya mgao.

Jumatano, msibani kwa Bwanaheri. Watu wamenyamaza,
mimi peke yangu sikunyamaziwa. Pishi nzima.
Jioni Twalib, mjukuu, ananisemesha upande ule.
Neno "babu" linafika, yaliyobaki yamesagwa.
Nikacheka mahali ambapo, nilikuja kujua,
hapakuwa pa kucheka.
Hiyo niiandike ngapi?

Alhamisi. Stima zimekatika, Barani hadi Shela.
Friji ikatetemeka, ikafa.
Majirani wakatandika mikeka uani wakisifu utulivu.
Mimi nikasikia mkanda ukishika kasi,
nikajipangusa kope.

Salha hakuuliza. Akavuta godoro upande wa kushoto,
akaanza kuwataja kwa sauti watu tuliowakopesha unga
tangu enzi za kinu:
Kache wa nyuma ya soko, debe moja.
Marehemu Shebwana, vibaba vitatu, tumemsamehe.
Yule wa baiskeli nyekundu, jina limenitoka,
lakini deni halijanitoka.
Kati ya jina na jina nilipima.
Mlio ulikuwepo, ukisubiri zamu yake.
Nikalala kwenye deni la nane, au la tisa.

Nimerudisha daftari. Mbeyu anafunua kurasa,
anatabasamu kwenye mahamri, anakunja uso msibani,
anasimama Ijumaa.
Tupu, kutoka saa nne hadi adhana.
Mzee, hapa ulisahau?

Mbuzi wa Bi Nuru aliingia jikoni, nikamwambia,
akatoka na mfuko wa unga mdomoni.
Tumemkimbiza mimi na Twalib, goti na vyote,
mpaka karibu na uwanja wa ndege,
njia nzima nyeupe nyuma yetu.

Kalamu yake ikaning'inia.
Basi niandike sifuri?

Hapana, nikasema. Sifuri nayo ni kipimo.
Andika mbuzi.