Udongo Ulioshuka

Tulimwomba Khainza alime tena,
maana mara ya kwanza jua lilikuwa mgongoni pake
na kamera iliambulia kivuli.
Akatutazama. Akalitazama tuta.
"Hapa nimekwisha kulima," akasema.
"Nikirudia, maharagwe yatanicheka."
Akasogea hatua tatu, akaanza pengine,
nami, mshika maikrofoni, nikachuchumaa migombani
nikilisikia jembe ndani ya masikio
kama mtu anayetafuna karibu mno.

Filamu ni ya dakika nane.
Bustani, mkulima, ardhi: ndivyo karatasi ilivyosema.
Mpaka wa shamba lako uko wapi, mama?
Akanyosha mkono, kidole kikaelekea hewani,
pale mlima wa Bududa ulipo na kovu jekundu
na nyasi bado hazijathubutu.
"Pale palikuwa jiko. Pale, mibuni mia mbili na kumi.
Usiku ule mvua haikunyesha, ilimwagwa.
Mlima ukavua shuka."

Hakulia. Mwongozaji wetu alingoja alie,
alingoja sana, betri zikipungua.
Yeye akatuuliza kama tunakula malewa.

Alasiri tukateremka naye, magoti yakitutetemeka,
hadi bondeni kwa Wanyenya,
ambaye shamba lake la zamani limelala
chini ya shamba la Khainza, mkeka juu ya mkeka.
Katika udongo ule ulioporomoka
mibuni kumi na tisa ilikataa kufa.
Imepinda, imeinama,
yote inatazama juu ilikotoka.

Kila msimu Wanyenya huchuma,
hupima kwa debe, kisha huukwea mlima:
debe lake limebaki nyumbani,
debe la Khainza liko begani.
Nani aliamua hivyo? Baraza? Mahakama?
"Ardhi ni yangu," akasema, "udongo ni wake.
Aliyeingia kwako bila hodi
bado ni mtoto wa mtu."

Hayo hayamo kwenye filamu.
Betri ilizima katikati ya neno *udongo*.
Imo mikono, umo ukungu, yumo jogoo
aliyetuvurugia kila kitu, tukamwacha.

Watu Kampala walipiga makofi.
Mmoja akauliza kwa nini wasihame tu.
Nilitaka kumjibu, taa zikawashwa,
soda zikaletwa.

Viatu vyangu viko Ntinda, nyuma ya mlango.
Mke wangu amesema nivioshe.
Nimevibandua donge moja, limekauka, jekundu,
nikalitia kwenye kopo la majani ya chai.
Sijui kama ni la Wanyenya au la Khainza.
Mwezi wa nane nikipanda tena
nitawapelekea, walipime wenyewe.